Rimu kubwa haikati kona, tairi ndo inakata: tunayodanganyana kuhusu saizi za tairi kwenye gari ya spoti

Kinachoniuma ni kuiona Altezza RS200 safi kabisa, gari iliyoundwa kwa ajili ya kona, nyuma ndo inasukuma, gia sita za mkono, imevalishwa spoti rimu za 19 na tairi ubavu mwembamba kama mkanda wa suruali, halafu mwenyewe anakwambia sasa hivi gari imeshika lami. Ukimuuliza kwanini 19 anakujibu si kila mtu anajua, rimu ikiwa kubwa gari inatulia. Basi tuanzie hapohapo.

Toyota waliitoa ile gari 1998, na RS200 inavaa 215/45R17 kwenye rimu ya upana wa inchi 7. Hiyo 215 ni upana wa tairi kwa milimita, 45 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, yaani karibu milimita 97, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukihamia 225/35R19 ubavu unabaki milimita 79. Ni kweli ukikata usukani gari itajibu haraka zaidi maana ubavu mfupi haujikunji sana, na hiyo raha ya siku ya kwanza ndo inayowapoteza watu wengi. Ule ubavu ni springi, ndo wa kwanza kupokea barabara kabla hata springi zenyewe hazijajua kuna nini, sasa uko katikati ya kona, lami ina viraka, tairi inarukaruka badala ya kulala chini, na tairi ikiwa hewani haishiki kitu hata kama uliinunua bei ya kiwanja.

Halafu kuna uzito, ambao hakuna anayeuliza dukani. Mimi nilibeba rimu za Altezza yangu nikazipeleka kwa jamaa wa duka la mchele mtaani kwetu, ana mizani ya kuwekea magunia, tukapima moja moja watoto wamejaa wanaangalia: rimu ya 18 niliyokuwa nimenunua na tairi yake kilo 23 na nusu, ile ya 17 iliyokuja na gari pamoja na tairi yake kilo 19. Kilo nne na nusu kila gurudumu! Na hizi sio kilo za kukaa tu kwenye buti, zinazunguka, zinapanda na kushuka kila tuta, shokapu ndo inahangaika kuzituliza, injini izisukume na breki izisimamishe. Niliporudisha 17 nikapita barabara ya Mombo kwenda Lushoto, zile kona za kuelekea Soni ambazo moja haijaisha nyingine imeanza, gari ilikuwa inageuka kwa wepesi niliousahau kabisa.

Angalia Safari Rally kule Naivasha tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Kwenye vumbi na mawe zile gari zinavaa rimu za 15 zenye tairi ya ubavu mnene, na gari hizohizo zikienda kwenye rally za lami zinavaa 18. Formula 1 nao walikimbia na rimu za 13 mpaka 2021, zile 18 zimeingia 2022. Kwa hiyo kama unatafuta kona na sio picha, chukua rimu ndogo kuliko zote inayopita vizuri juu ya kalipa za breki zako na ambayo saizi yake unapata tairi za maana madukani, basi.

Kuna hii nyingine, kwamba tairi pana ndo mshiko. Hapa kuna ukweli nusu na ndo maana haiishi. Altezza ina kama kilo 1,340, gawa kwa nne ni kama kilo 335 kila tairi, ukiweka upepo wa psi 33 eneo linalogusa lami ni karibu sentimita za mraba 145, kiganja cha mtu mzima hivi. Ukiweka tairi pana zaidi kwa upepo uleule hicho kiganja hakiongezeki kama unavyofikiria, kinabadilika umbo tu, kinakuwa kipana na kifupi, na hilo umbo linasaidia kwenye kona kavu. Ila ikinyesha ile mvua ya masika, tairi pana inapanda juu ya maji mapema kuliko nyembamba. Na kuhusu mshiko, mpira wenyewe uliotumika ndo muhimu kuliko upana, tairi nzuri ya 215 itaiacha mbali 245 ya bei rahisi iliyo ngumu kama kandambili, hapo sina mjadala na mtu.

Tairi pana inataka rimu pana pia. Hiyo 245/40 inatakiwa ikae kwenye rimu kuanzia inchi 8, ukiibana kwenye 7 inatuna kama maandazi na ukikata kona ubavu unalala, yaani umelipia upana halafu gari inayumba kuliko mwanzo. Wale wanaovuta tairi nyembamba kwenye rimu pana sana nao, ubavu unakaa mshazari na shimo moja tu linaweza kuiachanisha na rimu.

Halafu kuna wa kusema rimu yoyote inafaa, "mradi nati zimeingia." Hapana jamani! Kwanza mpangilio wa nati, yaani idadi yake na kipenyo cha duara lake kwa milimita: Subaru Impreza STI mpaka 2004 ni 5x100, kuanzia 2005 ni 5x114.3, uliza kabla hujatoa hela. Pili ofseti, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapofungwa kwenye gari, ikiwa ndogo rimu inatoka nje zaidi. Altezza ni 50 kwa rimu ya inchi 7, ukichukua inchi 8 yenye ofseti 35 ukingo wa nje unatoka karibu milimita 28, inapendeza kweli, lakini beringi inabeba mzigo kwa nje, usukani unaanza kuvutwa na kila mfereji wa malori, na ukipakia watu nyuma fenda inalamba tairi.

Tatu tundu la katikati, hili limenitesa mimi mwenyewe. Zile 18 zangu zilikuwa zinatetemesha usukani kuanzia 90, nikabalansi mara tatu sehemu mbili tofauti, kila fundi anasema ziko sawa. Kumbe habu ya Altezza, kile kitovu rimu inapokaa, ni milimita 60.1 na tundu la ile rimu ni 73.1, rimu inaning'inia kwenye nati tu haijakaa katikati. Nikachongesha ringi nne za aluminiamu kwa fundi wa leth, ile ya kwanza ikaingia kwa kugongwa kidogo na kiganja, tap, na mtetemo ukaisha siku hiyohiyo. Cheki na nati zenyewe pia, rimu nyingi za alloi zinazokuja na Toyota zinatumia nati za kukaa bapa zenye washa, spoti rimu nyingi za kununua zinataka za koni, ukichanganya zinalegea.

Wengine wanaona nyuma pana mbele nyembamba ndo gari ya spoti haswa. Kwenye gari yenye nguvu nyingi inayosukuma nyuma sawa, lakini Altezza farasi zake hazifiki hata 220, ukiongeza nyuma tu pua itakuwa inaenda nje kila kona. Kwenye Subaru ndo usithubutu kabisa, tairi zote nne zitofautiane mzunguko usiozidi robo inchi, zaidi ya hapo difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi muda wote hata ukienda moja kwa moja, inachemka mpaka inakufa.

Mimi sasa hivi natumia 225/45R17 kwenye rimu ya inchi 7 na nusu, ofseti 45. Kipenyo kimeongezeka asilimia 1.4 tu, spidi mita ikisoma 100 niko kama 101, haigusi popote hata nikipakia watu watano. Upepo naanzia kwenye namba ya stika ya mlango wa dereva, sio ile ya ubavuni mwa tairi, ile ni kiwango cha juu tairi inachobeba. Na kabla sijalipa nilizigeuza zote nne kutafuta zile tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Moja ilikuwa inasoma 1415, wiki ya 14 mwaka 2015, kashata, yale meno ya tairi, bado ndefu inang'aa kama mpya. Nikairudisha.