Huruma ya Mungu si mshahara wa imani: dhana potofu kuhusu uponyaji

Katika baadhi ya makanisa ya hapa Dodoma, mgonjwa akiombewa Jumapili kadhaa mfululizo bila kupata nafuu, minong'ono huanza kabla ibada haijaisha: ana dhambi aliyoificha, au imani yake ni haba.

Dhana ya kwanza, kwamba ugonjwa ni adhabu ya dhambi ya mgonjwa au ya wazazi wake, ilijibiwa zamani. Wanafunzi walimuuliza Yesu swali hilohilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, naye akasema, katika Yohana 9:3, kwamba huyo hakutenda dhambi, wala wazazi wake.

Inayoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni dhana kwamba asiyepona amekosa imani. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wa mwilini, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha". Alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Naye Timotheo, aliyesumbuliwa na tumbo, hakukemewa bali alishauriwa atumie mvinyo kidogo (aya ambayo sisi tunaoishi jirani na mashamba ya zabibu huinukuu kwa sababu nyingine kabisa). Yule aliyeugua miaka 38 kando ya birika la Bethzatha hakumjua hata aliyemponya. Mwenye ukoma wa Marko 1:41 aliguswa kwa sababu Yesu alimhurumia, na hakuulizwa kwanza imani yake ina uzito gani.

Kuna pia wanaofundisha kwamba kutumia dawa ni kumtilia Mungu shaka. Wilayani Kongwa, ambako vikope, yaani trakoma, vimewasumbua watu kwa vizazi, nilimkuta bibi mmoja ameketi mlangoni, kibano kikining'inia shingoni kwa uzi, aking'oa kope moja moja kwa sababu zilikuwa zimegeukia ndani na kukwaruza jicho kila alipopepesa. Alikuwa ameambiwa na mhubiri asubiri muujiza. Ugonjwa huo huletwa na bakteria wanaoenezwa kwa mikono, kwa vitambaa na kwa nzi wanaotua kwenye nyuso zenye matongotongo. Kunawa uso husaidia kuuzuia, azithromaisini huutibu, na kope zikishageuka, upasuaji mdogo hurekebisha ukingo wa jicho ili zisiendelee kukwaruza. Mtu akiyajua hayo, aisome tena Yohana 9: Yesu alimpaka yule kipofu tope machoni, kisha akamtuma akanawe katika birika la Siloamu. Isaya naye aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Hezekia, na Luka huitwa tabibu mpendwa. Waanglikana walioanzisha hospitali ya Mvumi, na Wamisionari wa Damu Azizi walioijenga ile ya Mtakatifu Gaspari huko Itigi, hawakuona ushindani wowote kati ya altare na chumba cha upasuaji.

Ya mwisho haihitaji maneno mengi: kwamba sadaka nono huharakisha uponyaji. Naamani alipotakaswa ukoma, Elisha alikataa kupokea chochote kutoka kwake. Ni Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyemkimbilia njiani na kurudi na talanta mbili za fedha, na kabla siku haijaisha ukoma wa Naamani ulikuwa juu yake.