Shule Yenye Jina, na Mengine Tunayoamini Haraka

Dhana: Shule inayoongoza kwenye mitihani ndiyo inayofundisha vizuri zaidi.

Ukweli: Matokeo hueleza kwanza ni watoto gani walioingia. Shule inayochuja kwa usaili na ada kubwa hupokea watoto ambao tayari wanafanya vizuri, wengi wao wakiwa na vitabu nyumbani na wazazi waliosoma. Mwaka 1966, ripoti iliyoongozwa na mwanasosholojia James Coleman nchini Marekani ilionyesha kuwa tofauti za alama kati ya wanafunzi zilihusiana zaidi na hali ya familia kuliko fedha na vifaa vya shule. Matokeo ya PISA, mtihani wa kimataifa unaolinganisha wanafunzi wa miaka 15 wa nchi mbalimbali, nayo yameonyesha kwamba, katika nchi nyingi, sehemu kubwa ya pengo la alama kati ya shule binafsi na za umma hutoweka hali ya kiuchumi ya familia inapozingatiwa. Kwa hiyo muulize mwalimu mkuu: mtoto anayeingia hapa akiwa dhaifu hutoka vipi? Akikuonyesha picha za wahitimu bora tu, umeshajibiwa.

Dhana: Wazazi wakiachiwa wachague, shule zote zitaboreka zenyewe.

Ukweli: Inategemea masharti. Chile, kuanzia 1981, ruzuku ya serikali ilimfuata mwanafunzi hadi shule binafsi. Shule nyingi zikageuka kuwa ndizo zinazochagua watoto, na watoto wa maskini wakabaki pamoja. Sheria ya 2015 ikaanza kuondoa uteuzi huo katika shule zinazopewa ruzuku.

Dhana: Nikishalipa ada, kazi iliyobaki ni ya mwalimu.

Ukweli: Hii ndiyo inayoumiza watoto wengi, kwa maoni yangu kuliko kuchagua shule vibaya. (Wapo pia wanaokosea upande wa pili, wanaomfanyia mtoto kazi za nyumbani na kumnyima nafasi ya kujifunza.)

Dhana: Mzazi asiyesoma hana la kusaidia.

Ukweli: Mtoto kulala mapema, kufika shuleni kila siku na kujua kwamba kuna mtu anayetarajia asome, hayo hayadai cheti. Mwambie akueleze alichofundishwa leo. Akishindwa kukieleza, hajakielewa, na kuligundua hilo hakukuhitaji ujue jibu. Funua na daftari. Kama wiki nzima halina alama ya kalamu nyekundu, una sababu ya kwenda kumwona mwalimu wa darasa.