GB nyingi si kadi yenye kasi

Dukani, swali la kwanza la mnunuzi wa kadi ya grafiki, kifaa cha kompyuta kinachotengeneza picha za kwenye skrini, huwa: "Ina GB ngapi?" Namba hiyo, yaani ukubwa wa kumbukumbu ya kadi, ndiyo iliyoandikwa kubwa kwenye boksi, hivyo imani kwamba GB nyingi ndiyo kasi imedumu miaka mingi.

Kumbukumbu ya kadi ni ghala tu. Inayochora picha ni chipu, na ghala halimfanyi fundi awe mwepesi wa mkono. Chukua kadi mbili za Nvidia: RTX 3060 ya GB 12 na RTX 3060 Ti ya GB 8. Ya kwanza ina viini (vitengo vidogo vya kukokotoa ndani ya chipu) 3,584 na husafirisha GB 360 za data kwa sekunde. Ya pili ina viini 4,864 na husafirisha GB 448. Kwenye gemu nyingi, ile ya GB 8 ndiyo inayoongoza. Mbaya zaidi ni kadi ya GT 730 ya GB 4 za DDR3 (aina ya zamani ya kumbukumbu), ambayo haifikishi hata GB 30 kwa sekunde. Bado kuna wanaoiuza kama kadi ya gemu!

Hata hivyo, ghala likijaa, picha huanza kukwamakwama. Gemu mpya zikiwekwa kwenye ubora wa juu kabisa zinaweza kupita GB 8, na hapo ndipo zile 12 hufaa.

Mwenye bajeti ndogo aanze na jina la chipu, kisha atazame majaribio ya gemu anazocheza yeye mwenyewe. Aangalie pia pawasaplai: 3060 Ti hula wati 200.