Uongo tunaoambiana kuhusu kazi za ajenti Nairobi

Simama kwa geti yoyote ya Industrial Area asubuhi wakati watu wanangoja kuitwa, utasikia mengi kuhusu kazi za ajenti, yaani zile kampuni zinakuandika halafu zinakupeleka kufanya kazi kwa kiwanda cha mwingine, na mengi ni porojo, na hizo porojo ndio zinafanya mtu abebe makatoni miaka sita na bado kila akienda kutafuta kazi anaonekana ameanza jana.

Eti kibarua ni kibarua tu hata akizeekea hapo. Zii. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema ukifanya kazi mfululizo siku zikafika mwezi mmoja, ama kazi yenyewe ni ya kuchukua miezi mitatu na zaidi, wewe si kibarua tena, unahesabiwa mtu wa mshahara wa mwezi na wakitaka kukuachisha unafaa kupewa notisi ya siku 28. Lakini msiruke sana, hiyo haimaanishi umeandikwa pamanenti, na kama ulisaini kontrakti ya miezi mitatu, ikiisha imeisha, mara nyingi korti zinasema kutarajia tu haitoshi kudai ingine. Kwa hivyo soma kwanza, hata kama supavaiza anakuharakisha eti laini ni ndefu.

Ile inaniudhi zaidi ni hii ya "ekspiriensi ya ajenti haihesabiki". Inahesabika sana, shida ni tunatoka mikono mitupu! Kifungu cha 51 kinasema ukishamaliza wiki nne kwa kazi, siku ya kutoka mwajiri lazima akupe cheti cha utumishi, kiwe na jina lake, jina lako, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kazi uliyokuwa unafanya. Si kuomba msaada, akikunyima makusudi anaweza kupigwa faini mpaka shilingi 100,000 ama kifungo mpaka miezi 6. Mwajiri mara nyingi ni ajenti uliyesaini nao, waulize wao, na wakiandika "kazi za kawaida" na wewe ulikuwa dereva wa foklifti, rudisha waandike foklifti.

Eti bila KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, huendi popote? NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, wale wa Commercial Street, wana mtihani wa ufundi wa gredi 3, 2 na 1, na fundi wa kuchomelea ama kushona aliyejifunzia kwa kiwanda anaweza kuufanya.

Na NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, haianzi upya ukibadilisha ajenti, namba ni moja maisha yote, unakatwa asilimia 6 na mwajiri anaongeza 6. Ila kukatwa kwa payslipu si ushahidi pesa imefika, angalia akaunti yako kila miezi miwili mitatu, na ukiona mapengo peleka hizo payslipu NSSF mapema kabla ajenti hawajahama ofisi na simu yao ikawa mteja.