Kinyago hakina mbele: dhana potofu kuhusu michoro na michongo

Mteja akiniandikia "nitumie picha moja ya hicho kinyago nione kama kitanifaa", najua tayari tutasumbuana.

Dhana: Picha moja ya simu inatosha kukionyesha kinyago.

Haitoshi, na sijui niliseme mara ngapi. Chukua mchongo wa ujamaa wa Wamakonde, ule wa watu waliopandana kwenye gogo moja la mpingo. Anayetajwa kuuanzisha mtindo huo ni Roberto Yakobo Sangwani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Upande mmoja unamwona mama na mtungi wake. Sogea kidogo: kumbe mama amekanyaga mabega ya mzee. Sogea tena: mzee mwenyewe ameshikwa kiuno na kijana ambaye kule ulikotoka hakuonekana kabisa. Kwamba hapo hakuna anayejitegemea, hukuandikiwa popote. Umelipata kwa miguu yako, kwa kuzunguka.

Sasa piga picha. Nusu ya ukoo imebaki nyuma ya gogo, na walio mbele wamekuwa doa jeusi kwa sababu mpingo unameza mwanga. Matundu kati ya mikono na miguu, ambayo fundi ameyatoboa kwa taabu ili upande wa pili uchungulie, yamegeuka rangi ya ukuta. Uzito ndiyo usiseme. Mpingo huzama majini; ukikibeba kinyago, mikono inaelewa jambo ambalo macho hayajaambiwa.

Kwa hiyo omba video, mpigaji azunguke polepole. Na ukishanunua, tafadhali usikisukumie kwenye kona karibu na televisheni. Weka mahali watu wanapita pande zote, na waache watoto wakishike.

Dhana: Michoro ya mtindo wa Tingatinga ni bapa kwa sababu wachoraji hawajui kuchora kivuli.

Si kutojua, ni uamuzi. Edward Saidi Tingatinga, mwenye jina la mtindo huu, alianza kuchora mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya masonite, yaani mbao nyembamba za unga wa mti ulioshindiliwa. Mtazame chui wake: mwili umekaa ubavu, kichwa kimekugeukia wewe. Nyuma rangi ni moja, hakuna kinachogombania jicho. Mchoraji amekuamulia usimame wapi na uone nini kwanza. Mchongaji hana mamlaka hayo. Ukiamua kuanzia kisogoni, utaanzia kisogoni.

Dhana: Kila kilichochongwa ni cha kuzungukwa.

Mlango wa nakshi wa Zanzibar umechongwa, lakini unazungumza na aliye barabarani. Usome kama mchoro, asubuhi au jioni, jua likija kwa pembeni. Jua la mbele hulaza nakshi zote.

Dhana: Kuchora kilichokwisha kuchongwa ni kunakili tu.

George Lilanga, msanii wa Tanzania aliyefariki mwaka 2005, alikuwa mchongaji kabla ya kujulikana kwa michoro, na mashetani, wale viumbe wa ajabu wa michongo ya Kimakonde, walimfuata huku na huku. Shetani wa mpingo lazima aelewane na gogo: mti ulipopinda, naye mgongo unapinda. Kwenye ubao hakuna gogo la kumbana, basi wakajazana, masikio makubwa, rangi kali, mkono wa huyu juu ya kichwa cha yule, mpaka nafasi ikaisha. Kinyago kinakuonyesha jinsi shetani mmoja anavyojikunja. Mchoro unakupa mtaa mzima wakiteta. Anayeona ni kitu kilekile hajaviweka viwili hivyo chumba kimoja.