Kura ya mchujo, na mtu aliyeipigania ikamgeuka

Kura ya mchujo ni ile inayopigwa kabla ya uchaguzi wenyewe, ili kupata mtu atakayepeperusha bendera ya chama. Wakenya ndivyo wanavyoiita. Watanzania husema kura za maoni, ila kwao kazi hiyo mara nyingi huwa ya wajumbe wanaopiga kura kwa niaba ya wanachama, na utani wa "wajumbe si watu wazuri", yaani wanakuahidi kura kisha wanakunyima, wenyewe wanaujua ulikotoka.

Robert La Follette angeuelewa utani huo bila mkalimani. Agosti 1896 wakili huyu mfupi, nywele zimesimama wima, aliingia kwenye mkutano wa chama cha Republican mjini Milwaukee, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, akiutaka ugavana. Alikuwa na hesabu ya wajumbe wa kutosha kabisa. Kura zilipopigwa, akashinda Edward Scofield. La Follette alishikilia kwamba watu wake walinunuliwa usiku na vigogo wa chama, marafiki wa kampuni za reli na mbao.

Mwaka uliofuata akazunguka kwenye maonyesho ya kilimo, akihutubia wakulima akiwa juu ya mkokoteni: mgombea achaguliwe na mpiga kura mwenyewe, kwa siri, wajumbe wakae kando. Mwaka 1898 akabwagwa tena. Ugavana akaupata 1900, lakini bunge la jimbo likaukalia mswada wake wa kura ya mchujo. Hapo akabuni dawa kali. Alikwenda kwenye maeneo ya wabunge wapinzani wake na kusoma hadharani, jina kwa jina, nani alipiga kura gani. Fikiria mbunge wako anasomewa hivyo sokoni, mbele ya wakwe zake.

Novemba 1904 wananchi wakaipitisha sheria hiyo (wananchi hapo maana yake wanaume tu). Kupiga kura ya mchujo hata kadi ya chama haikuhitajika.

Mchujo wa kwanza wa ugavana ulifanyika 1906. La Follette alikuwa ameshahamia Seneti ya Marekani, alikokaa hadi alipofariki 1925, na akamnadi Irvine Lenroot, mtu wake wa karibu, dhidi ya James Davidson, mzaliwa wa Norway aliyekuwa ameshikilia kiti cha ugavana tangu La Follette aondoke. Walowezi wa Kinorway, ambao miaka yote walikuwa ngome ya La Follette, walimpa Davidson kura zao. Lenroot akaanguka vibaya, na safari hii hapakuwa na mjumbe wa kulaumiwa.