Kima punju, pweza na mwani: tunayoyaamini na yaliyopimwa

Dhana: kima punju, yule kima mwekundu wa Unguja, ndiye anayemaliza nazi.

Katika vijiji vya kusini ya msitu wa Jozani, kisiwani Unguja, dhana hii ina mizizi, na wanaoiamini wana sababu. Mkulima anamwona kima juu ya mnazi, anakuta vidaka vimetapakaa chini, anaunganisha mambo mawili. Kilichokosekana ni kupima mavuno. Kazi hiyo waliifanya Kirstin Siex na Thomas Struhsaker katika miaka ya 1990. Walihesabu nazi changa zilizoliwa na kima, kisha wakalinganisha na nazi zilizovunwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Pale kima walipokula zaidi, mavuno hayakupungua. Yalikuwa makubwa zaidi. Maelezo yao ni kwamba mnazi huzaa vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea, na vingi hupukutika vyenyewe. Kima akipunguza baadhi, vinavyobaki hupata nafasi ya kukomaa.

Matokeo hayo ni ya nazi, na ni ya mashamba yale. Hayamzuii mkulima wa mazao mengine kulalamika, wala hayaondoi haki ya wanakijiji kupata sehemu ya pesa za watalii wanaokuja kumtazama mnyama huyu ambaye asili yake ni Unguja pekee. Lakini utafiti unaokaa shambani kuhesabu nazi unamheshimu mkulima kuliko hotuba inayomwambia tu awapende wanyama. Na kupima kunafaa hata kwa mambo madogo: matuta yalipowekwa kwenye barabara inayopita Jozani, kima waliokuwa wakigongwa na magari walipungua.

Dhana: matumbawe ni mawe.

Ni wanyama wadogo wanaojijengea mifupa ya chokaa, na ndani ya miili yao huishi mwani mdogo mno unaowapa sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto, mwani huo hutoka na tumbawe hugeuka jeupe. Mtoto anaweza kukulia pwani asilijue hili, na si kosa lake, maana kwenye mchoro wa ubaoni tumbawe halina tofauti na jiwe. Kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, ambako mwamba wa matumbawe umehifadhiwa kisheria tangu 1994, wanafunzi wa skuli huvaa miwani ya kuzamia wakaingia majini kujionea wenyewe, na mapato ya watalii ndiyo yanayosaidia kugharimia safari zao.

Dhana: mazingira ni mambo ya serikali, dini haimo.

Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilifanywa hifadhi mwaka 1998. Wavuvi wanaokitegemea karibu wote ni Waislamu, na mafunzo yaliyofuata hayakuishia kwenye sheria za uvuvi. Yalifika misikitini na kwenye vyuo vya Kurani, yakazungumzia amana, ukhalifa wa binadamu duniani na ubaya wa israfu. Kisiwa chenyewe wazee hukihadithia kwamba Nabii Hadhara alitaka msala wa kusalia, ukakosekana, akasalia pale pale kwa kuwa kisiwa kimeelekea kibla. Ofisa wa hifadhi anajua idadi ya samaki. Imamu anaaminiwa na wanaowavua. Mpango unaomwacha mmoja wao nje siutarajii ufike mbali.

Dhana: kufunga mwamba ni kuwanyima watu riziki.

Pweza wa miamba yetu hukua upesi na maisha yake ni mafupi, karibu mwaka mmoja tu, na jike hufa mayai yanapoanguliwa. Ndiyo maana kufunga sehemu ya mwamba isivuliwe kwa miezi michache, kama walivyofanya watu wa Kisiwa Panza huko Pemba, kunaleta pweza wazito zaidi siku ya kufungua. Ila tuulizane ni nani anayewachukua siku hiyo. Mwanamke anayechokoa pweza kwa miguu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, hafiki anakofika mzamiaji. Kijiji kisichopanga mapema nani aingie wapi na lini kinaufungua mwamba kwa ajili ya wenye nguvu, na wanawake waliovumilia miezi yote ile hurudi na vikapu vyepesi.

Dhana: utafiti ni wa wageni, hautuhusu.

Lawama moja ni ya haki: ripoti nyingi huandikwa kwa Kiingereza na hazimfikii sheha, kiongozi wa shehia, sembuse mvuvi. Hata hivyo, tazama mwani. Ulianza kulimwa kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Kotonii, aina yenye bei nzuri zaidi, ilipoanza kufa, waliofuatilia joto la maji walikuwa watafiti waliopo hapa hapa, akiwemo Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Wao na wakulima walijaribu kuipeleka kotonii kwenye kina kirefu zaidi, ambako maji hayapati joto kali kama ya ufukweni.

Njia hiyo inataka boti, na inataka mkulima anayejua kuogelea, jambo ambalo wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa. Basi mradi ujao wa mwani uanzie skuli: masomo ya kuogelea kwa wasichana wa vijiji vya mwani, yakitengewa fedha kama zinavyotengwa za madawati.